Fito, Ukili na Joho: Mhadhara juu ya Herufi Nyeusi

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wachapaji, walimu na wanafunzi wa sanaa. Umechapwa hapa karibu kama ulivyosemwa.)



Aliyenitambulisha ameniita bingwa wa herufi. Heshima hiyo naipokea kwa mkono mmoja na kuirudisha kwa mkono wa pili. Mimi ni mchapaji. Nilianza kazi wakati herufi bado ni vipande vya risasi, unaviokota kimoja kimoja kutoka kwenye kasha na kuvipanga miguu juu, kichwa chini. Herufi ukiishika mkononi inakufundisha jambo ambalo skrini haikufundishi: ina upana wake, na hata ukasirike vipi, haibanwi.

Nimekuja kuzungumzia aina moja tu ya herufi, na nina hakika mnaijua. Ndiyo ile iliyoandika neno "Cheti" juu kabisa ya karatasi aliyokabidhiwa mtoto wako siku ya mahafali ya chekechea. Ndiyo ile ya kadi ya harusi yenye kingo za dhahabu. Ndiyo ile iliyo mgongoni mwa fulana ya kijana wa bodaboda. Neno lenyewe hulisomi, lakini umeshaelewa kwamba mwenye fulana hataki mchezo. Kwenye kompyuta za steshenari zetu jina lake ni Old English Text. Wanahistoria wa uchapaji huiita herufi nyeusi, au herufi ya Kigothi. Tafadhali msiichanganye na herufi nzito, ile tunayokoza kwa kubofya kitufe. Weusi ninaousema ni wa ukurasa mzima: ukiutazama kwa mbali, wino umeizidi karatasi.

Dai langu ni hili. Herufi hii ilizaliwa isomwe, leo inaishi kwa kutazamwa, na makosa yetu karibu yote tunapoitumia yanatokana na kutojua kwamba imehama kazi. Nitalieleza kwa hoja nne. Msizipime kwa saa, maana hazilingani urefu.

1. Sura yake imetoka kwenye kalamu

Waliosoma chuoni, namaanisha chuo cha Kurani, wanaikumbuka kalamu ya mwanzi. Ncha yake imekatwa pana, imelala kidogo. Ukiivuta upande mmoja inatoa mstari mnene, ukiivuta upande mwingine inatoa uzi. Waandishi wa Ulaya ya karne za kati walikuwa na kalamu ya namna hiyohiyo, ya unyoya au ya unyasi, wakaishika kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Mkono ukishuka, mstari unajaa. Mkono ukikwea kwa mshazari, mstari unakonda. Sura yote ya herufi nyeusi imo katika tendo hilo moja.

Kabla yake palikuwa na hati ya mviringo, pana, yenye kupumua, iliyoenea tangu enzi za mfalme Charlemagne. Ilipofika karne ya 12 mambo yakabadilika. Vyuo vikuu vilikuwa vikikua, Bologna huku, Paris kule, na wanafunzi walitaka vitabu. Kitabu kiliandikwa kwenye ngozi ya ndama au ya kondoo, na ngozi ni gharama. Waandishi wakazibana herufi, wakazirefusha, na kila mahali palipokuwa na mviringo wakapavunja kuwa pembe. Herufi "o", iliyokuwa kama yai, ikawa na pembe sita. Mguu wa kila mstari ukamalizika kwa kijialmasi kidogo. Waitalia waliendelea kupenda mviringo, wakabaki na tawi lao la Rotunda. Kaskazini ya milima ya Alpi ndiko weusi ulikokolea.

Tawi lililobanwa kuliko yote likaitwa Textura, jina linalotokana na neno la Kilatini la ufumaji. Mimi nikilisikia hulifikiria jamvi. Mtazameni mama anayesuka ukili: hatazami mwaa mmoja mmoja, anatazama kama nafasi zinalingana. Mwandishi wa Textura alifanya hivyohivyo. Weupe ulio ndani ya "n" ulitakiwa ulingane na weupe ulio kati ya "n" na herufi inayofuata. Matokeo yake ukurasa ukawa mkeka, mweusi na mweupe vikipishana kwa mpigo mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Mkeka huo ukiutawanya, umekwisha. Kuna mzaha unaonasibishwa kwa Frederic Goudy, Mmarekani aliyechora herufi nyingi, kwamba mtu anayeziachanisha herufi nyeusi hashindwi kuiba kondoo. Wachapaji wa hapa mnaovuta neno "Cheti" lijaze upana wa karatasi, nadhani mmenielewa.

Sasa nataka tukae kidogo hapa, kwa sababu ndipo Kiswahili kinapoguswa.

Mstari mmoja wa kusimama katika hati hii ni kama ufito mmoja katika ua. Herufi "i" ni ufito mmoja. "n" ni fito mbili, "u" ni fito mbili, "m" ni fito tatu. Kwa kuwa fito zote zina unene mmoja na nafasi moja, herufi hizi zikikaa pamoja huoni tena ipi inaanzia wapi. Waandishi wa Kilatini walisumbuka sana, na dawa mojawapo waliyoitia nguvu ni kale kamstari kembamba juu ya "i", kamstari ambako leo ni nukta. Nukta ya "i" mnayoiweka bila kufikiri ilikuwa kijiti cha kuonyesha njia.

Haya, andikeni kwa hati hiyo: "mimi ni mnunuzi". "Mimi" ni fito 8. "Ni" ni fito 3. "Mnunuzi" ina fito 11 kabla hujaifikia "z", na moja baada yake. Jumla ni fito 23, na kati yake herufi yenye sura ya peke yake ni moja tu. Huo ni ua wa kuku. Lugha yetu imejaa "m" ya ngeli, "ni" ya mahali, "u" ya umoja, "mu" huku na "nu" kule, na yote hayo ni fito. Msinielewe vibaya, sisemi Kiswahili hakifai kuvaa herufi nyeusi. Nasema anayekivika aanze kwa kulihesabu neno lenyewe. "Cheti", "Shahada", "Harusi" na "Hongera" yanabebeka, kwa kuwa yana vichwa vinavyopanda au mikia inayoshuka ya kumshika msomaji mkono. "Umuhimu" haibebeki. "Muungano" nayo niliwahi kuipanga, nikaipangua.

2. Ugumu wake umo machoni mwetu

Watu husema herufi hii haisomeki. Historia inasema vingine.

Johannes Gutenberg alipochapa Biblia yake mjini Mainz, kazi iliyokamilika karibu mwaka 1455, alichonga herufi za Textura. Hakuwa anatafuta urembo. Aliiga hati ambayo wasomaji wake waliizoea katika vitabu vya kanisa, safu mbili kila ukurasa, mistari 42 kila safu. Ili mkeka usiharibike alitengeneza vipande karibu 300 vya herufi tofauti: "a" nyembamba na "a" pana, herufi zilizounganishwa, vifupisho, mradi kingo za safu zinyooke. Fikirini kazi ya kumimina risasi, bati na antimoni kwa vipande vyote hivyo. Nakala zilizochapwa hukadiriwa kuwa 180 hivi, na zilizosalia duniani hazifiki 50.

Machi 1455 Enea Silvio Piccolomini, ambaye miaka 3 baadaye angekuwa Papa Pius wa 2, alimwandikia kardinali mmoja kuhusu kurasa za Biblia hiyo alizokuwa ameziona Frankfurt. Akamwambia herufi zake ni safi mno, hata kardinali angeweza kuzisoma bila miwani. Bila miwani! Hiyo ndiyo herufi ambayo leo tunaiona kwenye chupa ya pombe tukasema ni ya majini.

Mchoraji wa herufi Zuzana Licko, mzaliwa wa Bratislava aliyefanyia kazi Marekani, aliwahi kueleza kwamba watu husoma vizuri zaidi kile wanachokisoma mara nyingi zaidi. Mimi naona amesema kweli. Agano Jipya la Luther la mwaka 1522 lilichapwa kwa Schwabacher, tawi jingine la herufi nyeusi, na watu wa kawaida walilisoma. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611 ilichapwa kwa herufi nyeusi. Maneno ambayo watafsiri waliyaongeza wenyewe ndiyo yaliyowekwa kwa herufi za Kirumi, ndogo, ili yatofautike. Tazameni dunia ilivyogeuka: herufi mnayoisoma leo kila siku ndiyo iliyokuwa mgeni ukurasani.

Kwa Wajerumani hali hiyo ilidumu zaidi. Mapema karne ya 16, chini ya Kaisari Maximilian wa 1, ilizaliwa Fraktur, jina lenye maana ya kuvunjika. Ina mikunjo zaidi ya Textura, na herufi zake kubwa zina mikonga kama ya tembo. Wajerumani waliisoma kwa miaka 400: magazeti, vitabu vya shule, mapishi, mahubiri. Lakini walikuwa na desturi moja iliyotufikia mpaka huku pwani. Neno la Kijerumani walilipanga kwa Fraktur, na neno la lugha ngeni walilipanga kwa herufi za Kirumi. Kwa hiyo gazeti la walowezi lililochapwa Dar es Salaam, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lilivaa Fraktur, ilhali Kiongozi, gazeti la Kiswahili lililochapwa hapahapa Tanga hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lilivaa Kirumi. Kiswahili kilihesabiwa mgeni, na ugeni huo ukakinusuru.

Nasema ukakinusuru kwa sababu nimejaribu. Fraktur ina "s" mbili: ya duara inayokaa mwisho wa neno au sehemu ya neno, na ndefu inayokaa mwanzoni na katikati. Maneno yetu ya asili huishia kwa irabu, basi karibu kila "s" yetu ndogo ingekuwa ndefu. Na "s" ndefu inafanana na "f" kama pacha, tofauti yake ni kijimstari kinachokata kiuno. Kwa hati hiyo "sasa" inasomeka "fafa", "samaki" ni "famaki", na kati ya "sisi" na "fisi" kuna kijimstari kimoja tu. (Hapa ukumbi ulicheka, nami nikasubiri.) Ongezeni na "k" ya Fraktur, ambayo asiyeizoea huidhani "t", halafu mhesabu "k" zilizomo katika ukurasa wowote wa Kiswahili. Herufi kubwa ndizo hatari zaidi: "A" inafanana na "U", "B" inafanana na "V". Asha akawa Usha, Bakari akawa Vakari.

Kwa hiyo nikisema ugumu umo machoni, namaanisha pia katika lugha. Herufi hukua na lugha yake kama kiatu kinavyoshika umbo la mguu. Fraktur ilishika umbo la Kijerumani.

3. Jina baya, na waraka wa mwaka 1941

Hoja hii ningeweza kuiruka, lakini kila nikizungumzia herufi hizi huwa kuna kijana mmoja anayeuliza kama si herufi za Wanazi. Nimjibu kabla hajanyanyua mkono.

Kwanza jina la Kigothi. Wagothi hawakuandika hati hii. Ni wasomi wa Italia waliolitumia jina hilo kuzikebehi kazi za kaskazini kuwa za kishenzi, wakati wao wenyewe wanarudi kwenye hati ya mviringo, ambayo Nicolas Jenson aliichonga kwa uzuri mkubwa kule Venice mwaka 1470. Tusi likabaki kuwa jina. Na enyi vijana wa kompyuta, jihadharini: Franklin Gothic na Century Gothic hazina undugu wowote na ninachokizungumzia. Wamarekani waliliazima neno hilo kwa herufi kavu zisizo na vikanyagio. Mteja akikuambia anataka ya Kigothi, muulize ipi.

Huko Ujerumani ugomvi kati ya Fraktur na Kirumi ulikuwa mrefu. Jacob Grimm, yule wa hadithi na wa kamusi, aliipinga Fraktur, na juzuu la kwanza la kamusi kuu aliyoianzisha na nduguye lilitoka mwaka 1854 kwa herufi za Kirumi. Mwaka 1911 suala hilo lilifika bungeni Berlin, na pendekezo la kuipa herufi ya Kirumi nafasi ya mbele shuleni likashindwa. Fraktur ikawa bendera ya wazalendo. Wanazi walipotwaa madaraka mwaka 1933 waliikumbatia, na zikatoka herufi mpya kama Tannenberg, zimesimama wima kama askari kwenye gwaride, zimenyolewa mikunjo yote. Wapangaji chapa Wajerumani wana jina la kejeli kwa herufi za namna hiyo: herufi za mabuti.

Halafu, tarehe 3 Januari 1941, Martin Bormann akatia sahihi waraka kwa niaba ya Hitler. Ulisema hati inayoitwa ya Kigothi si ya Kijerumani hata kidogo, ni herufi za Kiyahudi, na kuanzia hapo herufi ya kawaida ni ya Kirumi. Madai hayo yalikuwa uongo mtupu. Sababu inayoaminika zaidi ni kwamba wakati huo Ujerumani ilikuwa imezikalia nchi nyingi za Ulaya, na watu wa nchi hizo hawakuweza kusoma amri zilizochapwa kwa Fraktur. Na sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda kuliko zote: kichwa cha karatasi ya waraka huo huo kilichapwa kwa herufi nyeusi. Mpiga marufuku alikuwa hajabadilisha karatasi zake.

Basi kijana wangu, jibu ni hili. Wanazi waliitumia, kisha wao wenyewe wakaipiga marufuku, na baada ya vita haikurudishwa shuleni. Wako wahuni wa siasa za chuki wanaoivaa hadi leo, na ukichapa kazi ya kwenda Ujerumani inafaa ujue hilo. Lakini Mjerumani wa kawaida akiiona huwaza kilabu cha bia, kibao cha hoteli ya zamani, au chupa ya Jägermeister.

4. Kazi yake mpya, na tunavyoiharibu

Herufi iliyofukuzwa ndani ya ukurasa ikahamia kichwani mwa ukurasa. Wachapaji tunazigawa herufi mafungu mawili: za matini, zinazosomwa kwa wingi, na za kichwa, zinazoonwa kwanza. Herufi nyeusi imehamia fungu la pili moja kwa moja.

Angalieni magazeti. The New York Times, lililoanza mwaka 1851, bado linaandika jina lake hivyo. Mwaka 1967 waliondoa nukta iliyokuwa mwishoni mwa jina, lakini waliendelea na herufi nyeusi. The Washington Post, The Daily Telegraph na Le Monde ni vivyo hivyo. Frankfurter Allgemeine walikuwa wakiiweka hata juu ya makala za maoni mpaka mwaka 2007, na leo imebaki kwenye jina la gazeti. Hakuna anayelisoma jina la gazeti. Unalitambua tu, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo.

Joho la mahafali nalo ni vazi la karne zilezile za vyuo vikuu vya kwanza, halifai kulimia wala kupikia, na hakuna anayeona ajabu mtu akilivaa kwa saa 3 kisha akalivua. Herufi nyeusi kwenye cheti ni joho la maneno. Inasema: jambo hili lina mashahidi, lina sherehe, lina ukale nyuma yake. Ndiyo sababu kampuni ya American Type Founders ilipotoa herufi nyeusi iitwayo Cloister Black mwaka 1904, wachapaji wa vyeti, wa mialiko na wa kazi za makanisa waliipokea kwa mikono miwili.

Watu wasiopewa majoho nao walilichukua joho hilo la maneno. Wamarekani wenye asili ya Mexico mjini Los Angeles waliziandika herufi hizi ukutani kwa makundi yao ya mtaa. Msanii Chaz Bojórquez, aliyekulia katika desturi hiyo, ameeleza kwamba walizichagua kwa sababu ya hadhi yake. Fikra ni rahisi: kama herufi hii ndiyo inayofanya karatasi ya serikali iwe nzito, basi na jina la mtaa wetu liwe zito. Kutoka ukutani zikaenda mwilini kama chale za wino, kutoka hapo kwenye video za muziki wa kufokafoka, na kwa njia hiyo zikatufikia hadi mgongoni mwa kijana wa bodaboda. Wanamuziki wa roki kali walizipata kwa mlango mwingine, wao walitaka giza na kutisha. Jina la bendi ya Motörhead ni mfano unaojulikana. Wanahisabati nao wanazo kimyakimya: herufi za Fraktur zinaonyesha miundo fulani ya aljebra, na hapo kusoma kunabaki kuwa kusoma kwelikweli, herufi moja moja. Mwalimu wa hisabati pale mbele anatikisa kichwa, nashukuru.

Sasa makosa yetu. Nitaanza na langu.

Miaka mingi iliyopita nilichapa vyeti 60 vya mafunzo ya ushonaji. Mteja alitaka kila kitu kiwe "cha heshima", nami nikapanga hadi majina ya wahitimu kwa Old English, herufi kubwa tupu. Siku ya sherehe nilialikwa, nikakaa safu ya pili na suti yangu. Mshehereshaji akachukua cheti cha kwanza, akakisogeza mbali na macho, akakigeuza kidogo kama anayesoma ramani, kisha akasema kwenye kipaza sauti: "Mwenye cheti hiki aje mwenyewe ajitaje." Ukumbi ukacheka. Wahitimu 60 wakaja wakajitaja. Nilitoka kabla ya chakula.

Kosa lilikuwa nini? Herufi kubwa za hati hii zilikua kutokana na zile za mapambo, zilizochorwa moja moja mwanzoni mwa sura au mstari. Kila moja ina mikunjo, vijiti na tumbo lake. Imeumbwa isimame peke yake mbele, na herufi ndogo zipange safu nyuma yake. Ni imamu na maamuma. Ukipanga maimamu 12 bega kwa bega, nani anafuata nani? Herufi za Kirumi zinaweza kusimama zote kubwa, kwa kuwa zilichongwa hivyo kwenye mawe ya Roma, na ndiyo sababu jina la kanga, lililo katika herufi kubwa kavu, linasomeka hata mvaaji akiwa ng'ambo ya barabara. Herufi nyeusi hazina ukoo huo. Kanuni hii ni ya kwanza, na mkiisahau mengine yote, ishikeni hii: herufi kubwa moja mwanzoni mwa neno, basi.

Mengine ni mafupi. Usizitawanye, nimeshasema. Usizipange kwa ukubwa wa matini, kwa sababu kwenye fotokopi ya pili vile vijinyuzi vyembamba vinapotea na kuacha fito. Usizivike kivuli, rangi ya upinde wa mvua na mstari wa dhahabu kwa pamoja. Joho halivaliwi juu ya joho. Namba ya simu ya kadi ya mchango iwe kwa herufi za kawaida, maana mwenye harusi anataka pesa zifike. Na jina la mtu, rafiki zangu, jina la mtu lisomeke.

Wale waliozoea khati za Kiarabu hawahitaji kufundishwa haya. Thuluthi inakaa kwenye kichwa cha sura na ukutani mwa msikiti, naskhi inabeba matini. Mswahili wa pwani aliijua tofauti ya herufi ya kutazama na herufi ya kusoma miaka mingi kabla ya kuiona kompyuta. Sijui tuliisahau lini.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa kwa adabu. Nimalize kwa yaliyo mbele.

Vijana wa sanaa, kazi ipo. Mpaka leo sijashika herufi nyeusi iliyochorwa kwa ajili ya Kiswahili. Mtu achore ambayo "m" na "n" zake zina alama ya kutenganisha fito, "k" yake haijidai kuwa "t", na "A" yake haidhaniwi "U". Msianze na kompyuta. Kateni mwanzi, uchovyeni kwenye wino, andikeni neno "mnunuzi" mara 100 mpaka mkono uone penye tatizo. Baada ya hapo programu za kuchorea herufi zipo, nyingine za bure, na iko Fraktur iitwayo UnifrakturMaguntia, inayotolewa bure pamoja na ruhusa ya kuifungua na kuirekebisha. Ifungueni mwone ndani yake. Atakayeniletea "mimi ni mnunuzi" inayosomeka, mimi ni wa kwanza kuilipia.

Na kwenu wachapaji wenzangu: msimu wa mahafali umekaribia, na najua mafaili ya mwaka jana bado yamo kwenye mashine zenu, yanasubiri kubadilishwa tarehe tu. Kabla hamjachapa, neno "Cheti" liacheni na joho lake, na jina la mwanafunzi liwekeni kwa herufi ambayo bibi yake ataisoma.